KIDATO CHA MLANGONI
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kuketi, na mwalimu ameiweka redio mahali ambapo hata walio nyuma kabisa wanasikia. Kama yuko mwenzenu mmoja aliyebaki nje, chini ya dirisha, kwa sababu hakuweza kupanda ngazi, basi leo nasema naye kwanza. Baadaye kidogo mtajua sababu.

Somo letu ni juu ya mlango. Sisemi juu ya mlango wa nyumba yako. Huo ni wako, ujenge upendavyo. Nasema juu ya mlango wa ofisi ya kijiji, mlango wa zahanati, mlango wa shule, mlango wa choo cha sokoni; yaani mlango wa watu wote. Nataka tuutazame pale chini, karibu na sakafu, mahali ambapo wengi wetu hatutazami.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano, nawe mwanafunzi uyanakili katika daftari lako: kidato, kizingiti, kimo, mteremko, haki. Nitangoja kidogo.

Haya. Kidato ni ile hatua moja ya ngazi. Kizingiti ni ule ukingo ulio chini ya mlango. Kimo ni urefu wa kitu kutoka chini kwenda juu. Mteremko, katika somo hili, ni njia iliyoinama polepole, iliyojengwa mahali pa ngazi au kando ya ngazi, ili gurudumu lipite. Neno la tano mnalijua.

Sasa nitawasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Si la kujisifu.

Nilipopata stashahada yangu ya chuo kikuu nilipangiwa kazi ya elimu ya watu wazima katika kata moja ya mashambani, hapa hapa Tanzania. Darasa letu lilikuwa ndani ya ghala la zamani, ambalo kijiji kiliacha kuwekea mazao. Ghala lile lilijengwa na watu wenye akili. Sakafu yake iliinuliwa juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie, na mchwa wasile magunia. Kwa hiyo ilikuwako ngazi ya vidato vitatu mbele ya mlango. Kwa mahindi, jengo lile lilifaa sana.

Katika daftari la mahudhurio nilikuwa na majina 32. Kila jioni niliita majina, na kila jioni watu 31 au pungufu waliitika. Mmoja hakuitika hata siku moja. Alikuwa fundi viatu, mtu wa makamo, na kila mtu kijijini alimwita Fundi tu, nami nitamwita hivyo. Miguu yake ilipooza kwa ugonjwa wa polio alipokuwa mtoto. Alitembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Mbele ya jina lake niliandika "hayupo", siku baada ya siku, kwa muda wa wiki saba. Mwisho nikaandika kwa wino mwekundu: mtoro.

Siku moja nilipeleka kiatu changu kushonwa. Fundi alikuwa na kipande cha ubao mweusi kando ya gundi na misumari yake. Juu ya ubao ule palikuwa na maneno ya somo la jana yake. Yalikuwa yameandikwa vibaya, lakini yalikuwapo yote. Nikamwuliza nani amempa maneno yale.

Akasema, "Umenipa wewe, Mwalimu."

Nikasema, "Lakini huji darasani."

Akasema, "Sijakosa hata siku moja. Nakaa chini ya dirisha, upande wa mwembe. Wewe unaposoma kwa sauti nasikia vizuri. Ubao ndio siuoni. Basi naandika kama ninavyosikia."

Niliona haya, ndugu zangu. Mtu amefika shuleni kila jioni kabla ya wenzake, nami nimemwandika mtoro. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba siku ya kwanza alisema, na vijana wawili wakamnyanyua juu kwa juu kumwingiza ndani, mmoja akateleza, naye akaanguka mbele ya wake za watu. "Mimi si gunia," alisema. "Nikiwa na haja ya kutoka usiku, nani atanibeba? Bora dirishani."

Hapo tusimame kidogo. Wako watu wema wengi wasemao, "Tatizo ni nini? Sisi tupo, tutambeba." Ni kweli kubeba ni msaada, na siku ya moto au ya mafuriko mbebe mwenzako bila kuuliza. Walakini mtu mzima aliye na mke na watoto hataki kuomba mabega ya watu kila anapotaka kulipa ushuru au kupima damu. Wako wengi ambao huacha kwenda kabisa. Kisha sisi husema, kama nilivyosema mimi, kwamba ni watoro, au ni wavivu, au hawapendi mikutano.

Jioni ile nilikwenda kwa seremala nikaazima ubao mnene wenye urefu wa mita 2. Nikaulaza juu ya vidato. Nikamwita Fundi, nikasimama mlangoni nikicheka kama bwana harusi. Alifika katikati. Gurudumu la mbele likainuka, baiskeli ikapinduka kwa nyuma, na lau si vijana waliokuwa karibu angelivunja shingo. Wema wangu ulikaribia kuua mtu, kwa sababu sikupima.

Kwa hiyo sasa tutapima. Mwalimu, chora ubaoni ngazi ya vidato vitatu.

Kanuni ya mteremko ambayo mafundi wa ujenzi hutumia katika nchi nyingi ni hii: 1 kwa 12. Maana yake, kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Mkiwa na kidato kimoja chenye kimo cha sentimita 15, mtazidisha 15 mara 12, mtapata sentimita 180. Basi mteremko wa kidato kimoja tu una urefu wa karibu mita 2. Wengi hawaamini mpaka wapime.

Sasa ghala letu. Kidato cha chini kilikuwa sentimita 17, cha pili sentimita 17, cha juu sentimita 16. Jumlisheni. Mmepata ngapi? Ni 50. Zidisheni mara 12. Ni sentimita 600, yaani mita 6. Na mimi nilileta ubao wa mita 2! Mteremko wangu ulikuwa 1 kwa 4. Huo si mteremko, ni mtego.

Aliyepima vidato vile hakuwa mimi. Ni Fundi mwenyewe, kwa uzi wake wa kushonea, akiwa ameufunga mafundo. Nilijifunza hapo kwamba ukitaka kujua mlango ulivyo, mwulize yule anayezuiliwa na mlango. Yeye ndiye aliyenionyesha pia kwamba mita 6 moja kwa moja kutoka mlangoni zingefika katika mtaro wa barabara. Akasema, "Ulaze kando ya ukuta, Mwalimu, halafu ukate kona." Ndivyo ilivyokuwa. Lakini penye kona na penye mlango lazima pawe na mahali palipo sawa kabisa, pana kadiri ya mita 1 na nusu kila upande, ili mtu apate kupumzika na kugeuza gurudumu. Asiyeachiwa nafasi hiyo mbele ya mlango hujikuta akivuta mlango kwa mkono mmoja huku kiti kinarudi nyuma.

Upana wa mteremko usipungue sentimita 120. Mlango wenyewe uwe na nafasi wazi ya sentimita 80 walau, na 90 ni bora. Pembeni pawe na ukingo mdogo ili gurudumu lisitumbukie, na bomba la kushikia kwa wazee. Na juu ya zege bichi fundi apitishe ufagio mgumu, akwaruze mistari ya kukingama, la sivyo siku ya mvua patateleza kama sabuni. Wako mafundi wapendao kulainisha saruji mpaka ing'ae. Wazuieni.

Mtauliza gharama. Mteremko wa mita 6, wenye upana wa sentimita 120, ukijazwa mawe na udongo ulioshindiliwa ndani, na kufunikwa zege la unene wa sentimita 10 juu, unahitaji zege kiasi cha robo tatu ya mita moja ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, hiyo ni kama mifuko 5 ya saruji ya kilo 50, mbali na ile ya kujengea kuta za pembeni. Mawe, mchanga na mikono kijiji kinavyo. Jengo jipya ni rahisi zaidi, kwa maana fundi huweka mteremko tangu siku ya msingi, na mara nyingine hupunguza kimo cha sakafu tu, kazi ikaisha.

Basi, nilifikiri neno limekwisha. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mmoja mwenye heshima zake, nikamweleza habari yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, hayo ni mazuri. Barua iko wapi?"

Nilikasirika. Nikadhani ananizungusha. Leo naona alinisaidia kuliko alivyojua. Neno la mdomo huondoka na mtu akihamishwa kazi. Barua hubaki katika jalada. Tena mimi nilikuwa na watu 32 waliokuja kujifunza kuandika, nami nilikuwa nawapa maneno ya "kikombe" na "kisima". Barua ile ikawa somo letu la mwezi mzima. Nitawasomea, polepole:

"Kwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kijiji, kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Yahusu: Ombi la mteremko katika jengo la darasa la watu wazima. Sisi wanafunzi 32 tunaomba jambo hili liwekwe katika ajenda ya kikao kijacho. Mlango wa darasa una vidato 3, kimo chake jumla sentimita 50. Mwenzetu mmoja hawezi kuingia. Wazee wawili huingia kwa taabu. Tunaomba mteremko wa mita 6 kando ya ukuta wa mashariki, kama mchoro unavyoonyesha. Sisi tutaleta mawe na mchanga, na tutafanya kazi ya mikono. Tunaomba kijiji kitoe saruji. Tunaomba jibu kwa maandishi."

Chini yake walitia sahihi. Fundi alitia sahihi ya kwanza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika jina lake katika karatasi ya serikali bila wino wa dole gumba.

Tazameni barua ile ilivyo. Haikulia wala haikutukana. Ilitaja vipimo, ikataja mahali, ikasema nani atatoa nini, ikataka jibu. Nakala moja tuliiweka sisi, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Msisahau nakala.

Sasa nataka mjue kwamba barua ya namna hiyo si ombi la huruma, ingawa sisi tuliandika "tunaomba" kwa adabu. Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inasema kwamba watu wenye ulemavu wana haki ya kuyafikia majengo na huduma za watu wote pasipo vikwazo. Kabla ya hapo, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu tarehe 13 Desemba 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 9 cha mkataba huo ndicho kinachosema juu ya majengo, barabara, vyombo vya usafiri na habari. Sheria ile ya 2010 inataka pia ziwepo kamati za watu wenye ulemavu, mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Je, kijijini kwenu kamati hiyo ipo? Wajumbe wake ni nani? Iulizeni kesho ofisini. Pengine mtajibiwa kwamba ipo, nao wajumbe wenyewe hawajui kwamba wao ni wajumbe.

Na njia ya jambo ni hii. Halmashauri ya kijiji hupokea na kujadili. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, hukutana kila baada ya miezi mitatu, na hapo kila mmoja ana sauti. Kijiji kikitaka kuweka sheria ndogo, mathalan kwamba lisijengwe jengo la umma bila mteremko, halmashauri ya kijiji huitunga, mkutano mkuu hutoa maoni, kisha hupelekwa katika halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kabla ya kuidhinishwa haina nguvu. Kama jengo ni la wilaya, kama zahanati nyingi zilivyo, jambo lipite katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani wenu alichukue. Na kumbukeni kalenda: mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Ukileta ombi la saruji mwezi wa Juni, bajeti imekwisha kupangwa. Lileteni miezi ile ambayo mipango ya kijiji inaandikwa, nanyi mwulizeni Afisa Mtendaji ni lini.

Hapa niondoe kosa moja ambalo nalisikia mara nyingi. Watu husema, "Walemavu wana asilimia 2 zao, wajenge kwa hizo." Sivyo. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo ya biashara na kazi, nayo hurudishwa. Mlango wa zahanati ni mali ya wote na hujengwa kwa fedha ya wote. Hakuna anayemwambia mtu mrefu akope pesa ili ainue fremu ya mlango.

Turudi katika mkutano wetu chini ya mti. Ombi lilisomwa. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Saruji mifuko yote hiyo kwa mtu mmoja?" Watu wakanyamaza, maana neno lile lilikuwa katika vichwa vya wengi. Nilitaka kujibu kwa vifungu vya sheria. Nashukuru sikupata nafasi. Mama mmoja mjamzito alisimama kabla yangu akasema, "Babu, wewe mwenyewe jana ulishikwa mkono kupanda pale." Watu wakacheka, na babu naye akacheka. Mwingine akasema kwamba anapoleta mahindi kwa toroli huyapakua yote chini. Mwingine akamkumbuka kijana aliyeanguka na pikipiki, aliyetembea kwa magongo miezi minne.

Hesabu nayo ingemjibu mzee yule. Katika sensa ya mwaka 2022, kati ya watu wenye miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 walikuwa na ulemavu wa namna fulani. Kijiji chenye watu 1,000 wa umri huo, kikiwa sawa na wastani wa nchi, kina kama watu 112. Mbona hatuwaoni? Ni kwa sababu wengi wako nyumbani, na sababu ya wao kuwa nyumbani baadhi yake ni hivyo vidato tunavyovisema.

Na si magurudumu peke yake. Mtu asiyeona haogopi ngazi. Akizihesabu mara moja amezijua. Anachoogopa ni mtaro usio na kifuniko, na matawi yaliyoning'inia usoni, na mfanyabiashara aliyepanga ndoo na viazi katikati ya njia ambayo jana ilikuwa wazi. Fimbo nyeupe hugusa chini, haigusi kile kilicho mbele ya paji la uso. Kwa mtu wa namna hiyo sheria ndogo ya soko, ya kuacha njia ya mita 1 na nusu wazi kila siku, ina thamani kuliko mteremko kumi. Kiziwi naye huingia zahanati bila taabu, huketi benchini, na huko hukaa mpaka jioni, kwa sababu muuguzi huita majina kwa mdomo. Dawa yake ni vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, na muuguzi kuinua namba juu. Karatasi ngumu haina bei. Mwenye ualbino huumizwa macho na mwanga mkali, na wengi wao huona maandishi kwa shida; aketi mbele, asielekezwe dirishani, na tangazo la kijiji liandikwe kwa herufi kubwa nyeusi.

Juu ya maneno, neno moja. Zamani sisi sote tulisema kilema, kipofu, kiwete. Mtaona kwamba maneno hayo yote yamo katika ngeli moja na kiti na kijiko, na wengine huona ni kumfanya mtu kuwa kitu. Kwa hiyo sheria yetu inasema watu wenye ulemavu, na wengi husema asiyeona. Lakini viziwi wenyewe waliuita umoja wao Chama cha Viziwi Tanzania, nao hawaoni haya kwa jina hilo. Mimi nafuata kanuni rahisi: mwite mtu kama anavyojiita. Yule wa kwetu alijiita Fundi.

Wale walio Dar es Salaam wameona jambo kubwa zaidi. Mabasi ya mwendo kasi yalipoanza kazi mwezi wa Mei 2016, vituo vyake vilijengwa hivi kwamba sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko kimo kimoja. Kiti cha magurudumu huingia bila kunyanyuliwa. Hiyo yaonyesha kwamba mambo haya huwezekana yakipangwa mapema. Lakini kufika kituoni hapo, kupita mitaroni na katika mchanga, ni shauri jingine, na basi dogo la kawaida lenye ngazi refu na kondakta mwenye haraka ni shauri jingine tena. Sitaki kuwadanganya kwamba yamekwisha.

Sasa nimalize habari ya ghala. Saruji ilitolewa baada ya miezi mitano na barua mbili zaidi. Kazi tuliifanya Jumamosi nne. Fundi alikaa juu ya baiskeli yake akiangalia pima maji, na hakuna fundi mwashi aliyepata nafasi ya kumdanganya hata kidogo. Jioni ya ufunguzi hapakuwa na hotuba. Alipanda mwenyewe, akasimama penye kona akapumua, akakata kona, akaingia. Nikaita majina. Alipoitika, darasa zima likageuka kumtazama, naye akasema kwa ukali, "Tazameni ubao."

Wiki iliyofuata aliniletea karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake, yenye vipimo vya choo cha darasa. Mlango ulikuwa sentimita 58. Ulifunguka kwa ndani, na mbele yake kulikuwa na kizingiti cha sentimita 20. Aliandika: "Nikinywa chai sikai mpaka mwisho wa somo." Nilipoondoka katika kata ile choo kilikuwa bado, na barua ilikuwa katika jalada la halmashauri ya kijiji, nakala yake kwa Fundi.

Kazi ya wiki hii ni kupima. Gawanyikeni makundi matatu. Kundi la kwanza lipime ngazi ya jengo mlimo sasa hivi. La pili ofisi ya kijiji au ya mtaa. La tatu zahanati pamoja na choo chake. Kila kundi liwe na mtu mmoja ambaye mlango humpa taabu: mwenye ulemavu, au mzee, au mwenye mtoto mgongoni. Yeye ndiye atakayeshika kalamu, au kama hawezi kushika, yeye ndiye atakayesema kinachoandikwa. Andikeni kimo cha kila kidato, jumla yake, na mara 12. Andikeni upana wa mlango. Asiye na futi ya fundi atumie uzi, kisha aupime kwa rula ya mwalimu.

Wiki ijayo, siku kama ya leo na saa kama hii, tutaandika barua yenyewe pamoja, mstari kwa mstari. Njooni na vipimo vyenu. Na mwalimu, kabla hujazima redio, tafadhali tazama chini ya dirisha.

Kwaherini.